Fundi Alitaka Risiti Kwanza

Mtu akikuuzia mashine ya soda bila ufunguo, amekuuzia kabati la chuma lenye mlango usiofunguka, na bei lazima ionyeshe hivyo. Ya kwangu ilionyesha. Niliikuta kwenye godauni moja Unga Limited, hapa Arusha, imebanwa katikati ya mafriji ya mtumba na majiko ya gesi, ndefu kunizidi, maandishi ya Kijapani kuanzia juu hadi chini. Nilipouliza ufunguo uko wapi, kijana wa pale akajibu kwamba "umebaki kwenye kontena." Aliyewahi kununua vyombo vya mtumba anaielewa kauli hiyo. Ufunguo haujawahi kuvuka bahari.

Niliichukua hivyo hivyo. Nina duka la steshenari Njiro, karibu na hosteli za wanachuo, na usiku nikishafunga hakosekani mtu wa kugonga dirisha akitaka maji au soda. Tena mashine za Kijapani zina jambo lililonivutia: kabati moja linauza vya baridi na vya moto. Kibandiko cha bluu chini ya kopo maana yake baridi, chekundu maana yake moto. Arusha iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wanaoijua Julai yake saa kumi na mbili asubuhi hawatacheka wazo la kahawa ya moto inayodondoka kutoka kwenye mashine.

Ikaja Njiro kwa kirikuu, imelazwa ubavu. (Ukisafirisha friji au mashine yoyote yenye kompresa ikiwa imelala, isimamishe wima na uiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa. Wapo wanaochoma kompresa siku ya kwanza kwa haraka tu ya kuona taa inawaka.) Na umeme wake si wetu: Japani wanatumia volti 100, sisi 230, kwa hiyo transfoma ya kushusha umeme ni lazima. Upande wa hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, sikuwa na wasiwasi. Japani yenyewe imegawanyika, Tokyo wako kwenye 50 na Osaka 60, na bamba la nyuma ya mashine lilionyesha inakubali zote mbili.

Ilibaki kufungua mlango.

Ushauri wa mtaani ulikuwa mmoja: kata. Chalii wa gereji ya jirani alifika na grenda mkononi kabla sijamwita. "Sista, dakika mbili tu hapa." Nilimkatalia, na sababu nazieleza kwa sababu najua kuna msomaji atakayeshikwa na tamaa hiyo hiyo. Mlango wa mashine ya namna hii si bati tupu. Umebeba nyaya za vitufe, taa, njia ya sarafu na kinywa cha noti. Nyuma yake kuna mlango wa pili uliojazwa povu gumu la kuzuia joto, na cheche za grenda zikilifikia povu lile unaweza ukajikuta unazima moto badala ya kufungua mashine. Mtaimbo nao unapinda fremu, na fremu ikishapinda mpira wa mlango haukai tena, baridi inavuja, Luku inakwisha. Kufuli ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye mlango ule. Ukilazimika kuharibu kitu, haribu hicho.

Kuna na wale wanaodhani ukiitikisa mashine vya kutosha kitu kitalegea. Marekani walilazimika kubandika alama za onyo kwenye mashine kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilihesabu vifo 37 kati ya 1978 na 1995 vya watu walioangukiwa na mashine, wengi wao vijana waliokuwa wanaziyumbisha ili wapate kopo la bure au warudishiwe chenji. Mashine ikijaa vinywaji inabeba uzito wa mamia ya kilo, na uzito huo uko juu zaidi ya unavyofikiri.

Hivyo nikaenda kumtafuta mchonga funguo.

Wachonga funguo wa Arusha wanaonekana kirahisi: mwavuli, meza, kimashine cha kuchongea, ubao uliotundikwa funguo ambazo hazijachongwa, na jiriwa lililofungwa pembeni. Huyu niliyeelekezwa anakaa upande wa Soko Kuu, mzee wa makamo, miwani imefungwa kamba nyuma ya shingo. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Alisikiliza hadi mwisho huku anapiga tupa ufunguo wa mtu mwingine.

"Mashine ni yako?"

"Ndiyo, baba. Nimeinunua."

"Risiti?"

Nilikuwa na kikaratasi cha godauni, kimeandikwa kwa peni, "mashine 1 ya juice," kiasi cha pesa na sahihi ya mtu ambaye jina lake halisomeki. Alikitazama mbele, akakigeuza nyuma, akanirudishia.

"Mwanangu, hiki kikaratasi hata mimi naweza kukuandikia. Niletee mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, na kitambulisho chako cha NIDA. Halafu siku nikija kufungua, awepo mtu wa mtaa wenu anayekujua."

Nitasema kweli, nilikasirika. Nilikuwa nimetoka Njiro kwa daladala kwenye foleni, nimeacha duka, na mashine iko barazani kwangu, mlangoni kwangu. Nani mwingine angekuwa na shida ya kuifungua? Lakini yule mzee alikuwa ameshaendelea na tupa yake, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakawa wananiangalia kwa namna ambayo ilinifanya nianze kujieleza kwao pia.

Nilirudi Unga Limited. Yule kijana wa godauni hakufurahi kuambiwa habari za muhuri, ila aliandika, na mtendaji wa mtaa akagonga. Karatasi ile ilinigharimu siku nzima na maneno mengi, na leo naiweka pamoja na hati ya kiwanja.

Niliporudi sokoni mzee alitoa kauntabuku lenye jalada lililochakaa, akaandika jina langu, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kitu kinachofunguliwa, mahali kilipo, akanipa peni niweke sahihi. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa: mlango wa chumba Kaloleni, sefu ya duka la dawa, buti ya gari, kabati la ofisi, buti ya gari, mlango wa chumba. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofundishwa, ila nilizoea kuisikia kwa wenye maduka. Kwa fundi wa funguo daftari ni ngao. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, inamtazama vibaya mtu anayekutwa usiku na vyombo vya kuvunjia bila sababu halali, na mfuko wa huyu mzee, ukiutazama bila kumjua, hauna kingine ndani yake.

Alinisimulia kwa nini anang'ang'ania mtu wa mtaa. Zamani kidogo kijana mmoja alimwita afungue chumba, akidai amepoteza ufunguo. Kijana ana adabu, amevaa vizuri, anajua hadi rangi ya pazia la ndani. Fundi akaweka vifaa chini, akaanza kazi. Jirani akapita na ndoo ya maji, akasimama, akauliza, "Huyu mbona si mpangaji wa hapa?" Kijana alikuwa ameshafika kona. Mzee akabaki peke yake mbele ya mlango wa watu, vifaa vyake vimetandazwa chini, na ndoo ya maji imewekwa kando ili mwenye ndoo apige kelele vizuri.

"Ile siku," akasema, "ningekuwa sijulikani hapo mtaani, ningechomwa moto."

Hakuwa anatia chumvi. Tunaijua miji yetu.

Alikuja Njiro kesho yake na mfuko wa turubai. Mama mwenye genge la mkabala, aliyeniona naanza biashara nikiwa na meza moja ya madaftari, ndiye aliyekuwa shahidi wangu, na aliichukulia kazi hiyo kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Alihamisha kiti chake kabisa akakaa karibu, huku anamenya viazi.

Sasa kufuli lenyewe. Mashine nyingi za vinywaji, za Japani hata za Marekani, zina mpini uliozama ndani ya mlango. Katikati ya mpini kuna silinda, na silinda haina ule mwanya wa kawaida wa ufunguo bapa. Ina tundu la duara na kijiti katikati. Ufunguo wake ni bomba fupi lenye mikato ya vina tofauti kwenye ukingo wa mdomo. Ndani ya silinda kuna pini, mara nyingi saba, zimepangwa kwa mduara, kila moja inasukumwa na springi. Ufunguo sahihi unazisukuma zote kwa pamoja, kila pini hadi kina chake, na hapo tu silinda inazunguka. Ikizunguka, mpini unaruka nje. Lakini mlango bado haujafunguka: mpini umeshikana na bolti ndefu yenye nyuzi, na unauzungusha kinyume cha saa hadi bolti iachie nati iliyo ndani ya kabati. Ndiyo maana ukimwona mtu anayejaza mashine hizi kwenye video, anazungusha mkono muda mrefu kabla mlango haujasogea.

Aina hii ya kufuli ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930 na Chicago Lock Company kwa jina la Ace, na kwa muda mrefu ikaaminika kwamba ni ngumu kuichezea. Imani hiyo ina msingi. Ukijaribu kuzipanga pini moja moja kwa chuma chembamba, utafanikiwa, silinda itazunguka kidogo, sehemu moja ya saba ya duara, halafu kila pini itaangukia kwenye tundu la jirani yake na kufuli litajifunga upya. Unaanza mwanzo. Mtu asiye na subira anaacha palepale.

Fundi alichuchumaa, akamulika kwa tochi ya simu, akalamba kidole gumba na kusugua uso wa silinda. Chini ya uchafu kukatokea herufi na tarakimu. "Hii ndiyo namba ya ufunguo," akasema. Kwa namba hiyo mtu anaweza kuagiza ufunguo bila kuugusa mlango, ukiwa na muda na ukimpata wa kukuuzia. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: mwenye mashine mia tano hawezi kutembea na funguo mia tano, kwa hiyo kampuni nyingi huweka namba moja kwenye mashine zake zote. Ufunguo mmoja unafungua mji mzima. Wakati naitazama ile namba niliwaza mashine ndugu za hii yangu, zilizobaki huko barabarani Japani, ambako mwaka 2000 palikuwa na mashine za kuuza vitu zaidi ya milioni tano, na ufunguo wa sehemu ya hizo uko mfukoni mwa mtu.

Chombo chake kilikuwa bomba dogo lenye vijiti saba vyembamba vinavyoteleza, vimebanwa na pete ya mpira ili visiteleze kirahisi mno. Alipulizia mafuta kwanza, akakiingiza, akawa anasukuma na kulegeza, anasukuma na kulegeza, kichwa amekiinamisha pembeni anasikilizia. Hakuna kitu. Akatoa, akapuliza mafuta tena.

"Moja imeganda. Kutu ya meli. Tuyaache mafuta yalale humo."

Mama wa genge alisikitika kuliko mimi.

Siku ya pili kazi haikuchukua muda kupita kikombe cha chai. Vijiti vilikaa, mkono ukageuka, mpini ukaruka nje kwa mlio mkavu, na kwa kuwa vijiti vilikuwa vimeshikiliwa na ile pete, chombo chenyewe kikawa ndio ufunguo: hakikuziacha pini ziangukie matundu ya jirani. Ukitazama vina vya vijiti vile baada ya kazi, umepata kipimo cha kuchongea ufunguo mpya. Yeye hakuwa na bomba la saizi ile la kuchonga, na silinda yenyewe ilishakula kutu, hivyo tulikubaliana kuibadilisha. Silinda hizi zina vipimo vya kawaida, zinachomoka na kuchomekwa. Mpya ilipatikana Dar, ikatumwa kwa basi, jioni yake nikaipokea stendi.

Na kama pini ile ingekataa kabisa? Drili. Unatoboa uso wa silinda, pini zinaangamia, mlango unafunguka, na silinda unaitupa. Ziko zilizowekewa kipande cha chuma kigumu katikati ili kula ncha ya drili, na hizo zinakula muda na ncha zaidi ya moja, lakini hatimaye zinakubali. Kwa mashine mpya za kisasa zenye makufuli ya hali ya juu mchezo huu wa vijiti haufui dafu, na fundi mwaminifu atakwambia mapema kwamba ni drili au uagize ufunguo kwa aliyeitengeneza.

Najua atatokea wa kunilaumu kwamba nawafundisha wezi. Lawama hiyo ni ya zamani sana. Joseph Bramah wa London alipata hataza ya kufuli lake mwaka 1784, na kuanzia 1790 duka lake likaweka ubao dirishani: atakayeweza kulifungua kufuli hili bila ufunguo atapewa gini 200, pesa ya Uingereza ya wakati huo. Ubao ulikaa hapo zaidi ya miaka 60. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, akaja fundi wa Kimarekani, Alfred Charles Hobbs. Alianza na kufuli la Chubb, lililosifiwa kwamba likichezewa linajikwamisha lenyewe ili mwenye nyumba ajue, akalifungua kwa dakika 25 hivi. Akahamia kwa Bramah. Saa 51, zimegawanywa kwenye siku 16, na kufuli likafunguka. Waingereza walifadhaika, magazeti yakachemka, na swali likawa hilo hilo: je, ni halali kumwonyesha kila mtu udhaifu wa kufuli? Hobbs alisimama upande wa kuonyesha, kwa hoja kwamba wezi wanajua tayari na asiyejua ni mwenye mali. Mimi niko upande wa Hobbs. Mwizi wa Arusha hana saa 51. Ana mtaimbo na dakika tano.

Halafu kuna kisa cha mwaka 2004 ambacho mafundi wanakipenda. Kufuli hizi hizi za duara zilikuwa zinatumika kwenye pingu za kufungia baiskeli za Kryptonite, bidhaa iliyouzwa kwa sifa ya ugumu, na mwendesha baiskeli mmoja Marekani akaonyesha kwamba bomba la plastiki la peni ya Bic, ile ile ninayoiuza dukani, linaweza kuufungua mdomo wa kufuli lile. Plastiki ni laini, inajichonga yenyewe kwa umbo la pini. Kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja makufuli bila malipo. Nilijaribu kumsimulia fundi, akacheka, akasema peni za siku hizi ni nyembamba mno. Sijui alikuwa anatania.

Kinachonishangaza mimi katika haya yote ni jinsi kufuli lisivyojua jina la mtu. Linajua pini zimesimama wapi, basi. Na tundu la sarafu nalo ni vivyo hivyo. Heron wa Aleksandria, karne ya 1, alieleza chombo cha hekaluni: unatumbukiza sarafu, inaangukia kisahani, uzito wake unainua mkono, maji matakatifu yanatiririka hadi sarafu iteleze. Chombo kile kilipima uzito tu. Hakikuwa na njia ya kujua kama sarafu imeibiwa au ni kipande cha bati. Miaka elfu mbili hivi baadaye Wajapani wakapigwa kwenye eneo hilo hilo. Miaka ya 1990 wajanja waligundua kwamba sarafu ya won 500 ya Korea Kusini ina upana sawa na yeni 500, milimita 26.5, imezidi uzito kidogo tu, na thamani yake ni kama sehemu moja ya kumi. Wakawa wanazitoboa au kuzikwangua zipungue uzito, wanaziingiza kwenye mashine, wanabonyeza kitufe cha kurudisha pesa, na mashine inawatolea yeni halali. Hawakugusa kufuli. Mwaka 2000 Japani ikabadilisha madini ya sarafu yake ili mashine ziweze kutofautisha.

Nilipima na ya kwetu, kwa udadisi tu. Shilingi 500, iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014, ni pana kidogo na nzito kuliko yeni 500, na mashine yangu iliitema kila nilipoiweka. Shilingi 200 pia. Ilikuwa na msimamo.

Kwa upande huo yule mzee wa Soko Kuu anafanya kazi ambayo chuma hakiwezi. Chuma kinauliza umbo la ufunguo, yeye anauliza mimi ni nani, nimeipata wapi, na nani anathibitisha. Hasira zangu za siku ile ya kwanza zilikwisha nilipoanza kufikiria mashine hiyo ikiwa barazani na fundi mwingine, asiye na kauntabuku, akipita na mtu anayesema ni yake.

Ndani tulikuta nini? Mlango wa pili wa povu, safi kuliko nilivyodhani. Reli za makopo, tupu. Mende wakavu chini ya kompresa. Kadi ya matengenezo ndani ya mfuko wa plastiki, imepigwa mihuri midogo myekundu kwa safu, mtu fulani alikuja kwa ratiba yake na kupiga muhuri wake kila alipomaliza, hadi siku moja safu ikakatika. Kwenye mirija ya chenji kulikuwa na sarafu chache za yeni 10, za shaba nyeusi, zina picha ya hekalu. Na chini kulia, sanduku la pesa, lenye kufuli lake dogo peke yake. Ndivyo zinavyotengenezwa: anayejaza vinywaji si lazima awe anayechukua pesa.

Fundi alilitazama lile sanduku, akanitazama mimi.

"Hili nalo limo kwenye mkataba?"

Mama wa genge aliangua kicheko, kisha akagundua kwamba mzee hacheki. Tukautoa mkataba. Umeandikwa "mashine moja pamoja na vyote vilivyomo." Akaisoma hiyo sentensi taratibu, akakunja karatasi, ndipo akashika bisibisi. Sanduku lilikuwa tupu.

Mashine inafanya kazi sasa, kwa namna yake. Kile kisanduku cha kupokea yeni nimekitoa. Mpwa wangu, anayesoma umeme Chuo cha Ufundi, amefunga swichi ndani ya duka: mwanafunzi anatuma pesa kwa simu, anayekuwa zamu anaona ujumbe, anabonyeza, kopo linadondoka. Ndiyo, ni mashine ya kujiuzia yenyewe inayohitaji mtu wa kuiuzia. Anasema atatengeneza kitu kitakachosoma ujumbe wa malipo na kubonyeza chenyewe, na namwamini, ila kwanza amalize mitihani. Usiku hatufungui mlango wala dirisha, na hilo ndilo nililolitaka. Kwa upande wa hesabu, kama una friji ya kioo na mtu wa kukaa nayo, baki na friji yako. Transfoma ni gharama, soda za kopo zina faida ndogo kuliko za chupa, na fundi wa kompresa ya Kijapani hapatikani kila kona.

Upande wa vibandiko vyekundu tumeuzima. Soda huwezi kuipasha moto, itapasuka, na kahawa ya kopo niliyoiona supamaketi bei yake hakuna mwanachuo atakayeilipa. Nimejaribu kuulizia chai ya maziwa ya kopo kwa jumla, Arusha na Moshi, sijapata. Anayejua inapouzwa anitajie na bei ya katoni, Julai haijafika bado.